Chumba cha Juu, Kampong Glam

Ngazi za hoteli ile zilikuwa nyembamba na zimesimama wima kama za nyumba yetu ya mtaa wa Malindi, Unguja, na kijana wa mapokezi alinichukulia sanduku begani bila kuombwa. Chumba kilikuwa juu, upande wa barabarani: madirisha mawili marefu ya mbao, kitanda, meza ndogo, birika la umeme, na darini mshale wa kijani wa kuonyesha Kibla. Nilitua mkoba nikautazama mshale ule kwa muda. Kwetu Unguja Kibla ni kaskazini. Wazee wa baharini upande wenyewe wakiuita kibula. Pale mshale ulielekea magharibi. Usiku ule nilisali kwa mara ya kwanza maishani mwangu uso wangu ukielekea Makka na upande wa nyumbani kwa pamoja, nikajikuta nimekaa juu ya msala muda mrefu kuliko kawaida yangu.

Mtaa unaitwa Kampong Glam, na mji ni Singapore. Nilikwenda kwa ajili ya mwanangu. Ni baharia, fundi wa mashine, na meli yake ilikuwa imeingizwa karakana kutengenezwa. Tulikuwa hatujaonana miezi kumi na minne. Kutoka hakuweza ila saa chache za jioni, kwa hiyo akanitumia tiketi, akanitafutia chumba karibu na msikiti na chakula cha halali, akasema, "Mama, njoo wewe." Nikakaa siku tano. Jioni nilikuwa na mwanangu. Mchana kutwa nilikuwa peke yangu na madirisha yale mawili.

Sikwenda na moyo mtupu. Kabla sijaondoka, kaka yangu alikwisha kuniambia kuwa amejitokeza mtu wa kuinunua nyumba ya marehemu mama. Anaitaka nzima, ghorofa zote tatu, aifanye hoteli ya vyumba kumi na viwili. Warithi tuko watatu. Dada yetu aliyeko Muscat amekubali, kaka amekubali, iliyobaki ni saini yangu. "Nenda ukamuone mtoto, ufikiri, mdogo wangu," aliniambia kaka tulipoagana uwanja wa ndege. Nami nikaenda kufikiri nikiwa nimelala ndani ya nyumba ya watu iliyokwisha kuwa hoteli.

Kampong, kwa Kimalay, ni kijiji. Gelam ni mti ambao magome yake mafundi wa vyombo waliyatumia kukalafati, kuziba mianya ya mbao maji yasipenye. Jina hilo linatosha kukuambia kuwa bahari ilikuwa hapo hapo. Leo huioni. Barabara inayopita pembeni inaitwa Beach Road, na zamani kweli ilikuwa ufukweni, lakini maji yalifukiwa, ardhi ikasogezwa mbele, na sasa kati ya barabara hiyo na bahari kuna maghorofa. Mtu wa Unguja hahitaji kueleweshwa jambo hili. Mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa, na leo magari yanapita juu yake, na watoto wetu hawajui kwa nini ng'ambo iitwe ng'ambo.

Mwaka 1819 Waingereza walitiliana mkataba na Sultan Hussein, na mji ulipopimwa na kuchorwa mwaka 1822, upande huu ulitengwa kwa Sultan na watu wake, kwa Wabugis waliokuja na majahazi kutoka Sulawesi, na kwa Waarabu. Waarabu wenyewe karibu wote ni Wahadhrami, ndugu wa hao hao tuliowapata Lamu, Mombasa na Unguja. Jina la Saggaf, ambalo kwetu si geni, pale linaandikwa Alsagoff, na liko juu ya lango la madrasa iliyofunguliwa mwaka 1912. Nyuma ya msikiti kuna kijia kiitwacho Muscat Street, chenye matao yaliyonakshiwa kwa mtindo wa Oman. Nilikipiga picha nikampelekea dada. Akanirudishia ujumbe wa sauti, na kwa muda mwanzoni sikusikia ila pumzi zake. Kisha akasema, "Hata huko wametukumbuka."

Mwanangu ndiye aliyenisimulia habari ya chombo kilichotoka Muscat Februari 2010, kikafika Singapore mwezi wa Julai. Ilikuwa zawadi ya Oman kwa Singapore, jahazi lililoundwa kwa kufuata chombo cha karne ya tisa kilichozama karibu na kisiwa cha Belitung, na mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari. "Kama mtepe, mama," aliniambia, akiniwekea vidole vyake vya grisi mmoja juu ya mwingine kunionyesha mshono. Anafanya kazi katika meli ya chuma yenye injini ndefu kuliko nyumba yetu, na bado jambo lililompendeza kuliko yote ni kwamba wazee walijua kushona mbao zikavuka bahari.

Nyumba za mtaa ule zina duka chini na makazi juu. Zimeshikana, nyembamba kwa mbele, ndefu kwenda nyuma. Mbele ya kila nyumba, chini ya ghorofa, kuna ujia uliofunikwa ambao Wamalay wanauita kaki lima, yaani futi tano. Ulikuwemo katika maagizo ya 1822 ya Raffles, kiongozi wa Waingereza hao: kila mjenzi aache njia hiyo, mpita njia asinyeshewe wala asiungue na jua. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani ni baraza. Nikakaa. Baada ya muda nikaona kuwa mimi peke yangu ndiye niliyekaa. Wote wanapita, na mwenye duka la mazulia akatoka kuniuliza kwa adabu kama sijisikii vizuri.

Basi nikaamini kuwa hiyo ndiyo tofauti ya mji wao na wetu: sisi tumejenga mahali pa kukaa, wao wamejenga mahali pa kupita. Nilikuwa nimekosea, na aliyenisahihisha ni mwanamke aliyekuwa akisafisha vyumba.

Vijana wote wa hoteli walimwita Makcik, kama sisi tunavyomwita mtu mama mdogo. Nami nilipomwita hivyo alikataa. "Sisi ni rika," alisema, "niite Kak." Kak ni dada. Nikamwita Dada, kwa Kiswahili, naye akaitika. Tulizungumza kwa Kiingereza cha kuungaunga, na palipokwama tukaokolewa na maneno ya nyumbani. Asubuhi ya kwanza alileta taulo na kipande cha sabuni, akakiita sabun. Nikasema, "Sabuni." Akasimama nacho mkononi. Akaonyesha karatasi zangu mezani: kertas. Karatasi. Nikaonyesha jua dirishani, nikasema wakati, akasema waktu. Habari, khabar. Riziki, rezeki. Msimu, musim. Tukafika kwenye limau, ambalo halikubadilika hata herufi moja, na bendera, ambayo sote wawili tuliachiwa na Wareno. Alikaa kwenye ncha ya kitanda akacheka mpaka akafuta machozi kwa foronya, kisha akaikunja ile foronya akaenda kuleta nyingine.

Alizaliwa mtaa ule ule, nyumba ya nne kutoka pale. Alipokuwa mtoto, alisema, magharibi ilipoingia watu walitoa mikeka na vibao kwenye kaki lima, wanawake wakakuna nazi, wanaume wakazungumza bei na meli. Kwa hiyo ujia ule ulikuwa baraza kweli. Watu ndio walioufanya baraza, na walipoondoka ukarudi kuwa ujia. Neno hili nililifikiria siku zote zilizobaki. Nilidhani baraza ni saruji.

Mama yake alikuwa akikodisha ghorofa ya juu kwa mahujaji. Kampong Glam yote ilikuwa mahali pa kusubiri. Walikuja kutoka Java, Sumatra, Borneo, wakakaa wiki, wakakaa miezi, wakingojea meli ya kwenda Jeddah. Walilala juu, wengi katika chumba kimoja, na vyombo vyao, na sanda zao ndani ya masanduku, kwa sababu wengi hawakutarajia kurudi. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na watu huutaja msemo huo kwa mzaha. Pale ulikuwa kweli tupu. Aliyeishiwa na nauli alipewa jembe: alichukua kazi bandarini au mashambani, akadunduliza, akajaribu mwaka uliofuata. Wengine hawakufika kamwe. Walirudi kwao kutoka Singapore, na watu wakawaita Haji Singapura. Nilipolisikia jina hilo niliona uchungu. Mtu amesafiri kwa nia safi, amefanya kazi za mikono katika mji wa watu, na akirejea wanampachika jina la mahali alipokwama. Mimi ningemwita haji moja kwa moja.

Kuna meli moja ya mahujaji wale ambayo mkasa wake ulitokea karibu na pwani ya Afrika. Iliitwa Jeddah, ya tajiri Alsagoff wa Singapore. Agosti 1880 ilikuwa na abiria karibu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, ilipoanza kuingia maji katika dhoruba karibu na Ras Guardafui, pembe ya Somalia. Nahodha na maofisa wake walishuka kwenye mashua usiku wakaiacha. Walipookolewa na kufikishwa Aden walisema meli imezama na watu wote. Siku iliyofuata Jeddah ikaingia Aden ikivutwa na meli nyingine, mahujaji wamo. Walikuwa wamekesha wakitoa maji wao wenyewe. Kila nikiitazama ile dari ya chumba changu nilijiuliza kama wapo miongoni mwao waliolala chini ya boriti zile kabla ya kupanda meli hiyo. Yawezekana. Nyumba zile haziandiki majina ya wageni wake.

Nilimuuliza Dada kama angependa kurudi kuishi hapa. Nilikuwa na jibu langu tayari, na halikuwa lake. Alitikisa kichwa mara moja tu. Anakaa Bedok, ghorofa ya tisa, katika nyumba za serikali ambazo karibu watu wanane katika kila kumi wa Singapore wanakaa. Lifti ipo, maji yapo, choo ni chake. Nyumba ya mama yake ilikuwa na choo cha ndoo, na mtu alikuja alfajiri kuichukua ndoo na kuibeba. Mji ule uliondoa ndoo ya mwisho mwaka 1987. Watu kumi na wanane walioga kwenye bomba moja. Kaka yake mdogo alikufa kwa homa ya matumbo. "Usilie kwa ajili ya nyumba," aliniambia, na sikuwa nalia. Halafu akasema jambo jingine huku akivuta shuka upande wa pili: "Lakini pale kwetu sasa jirani namjua kwa viatu vyake mlangoni."

Mwaka 1989 mtaa uliwekwa chini ya hifadhi, na nyumba zikaanza kukarabatiwa kwa uangalifu ambao nauheshimu. Boriti ni zile zile. Vigae vya sakafuni vimesafishwa kimoja kimoja. Uwazi wa katikati ya nyumba, ambao zamani ulileta hewa na mvua kama ua wa ndani wa nyumba zetu, sasa umewekewa kioo juu, na chini yake ipo meza ya kahawa. Mwaka 1999 hata wale wa ukoo wa Sultan waliokuwa bado wanaishi ndani ya uwanja wa jumba la kifalme waliondoka, na mwaka 2005 jumba likafunguliwa kuwa kituo cha urithi wa Wamalay. Kila kitu kimetunzwa. Nilitembea asubuhi tatu nikitafuta kamba ya kuanikia nguo, na katika barabara zilizouzunguka msikiti sikuiona hata moja.

Usiku mtaa unachangamka. Hilo vitabu vya wageni vinasema, na ni kweli. Haji Lane, kichochoro kilichokuwa na nyumba za maskini, sasa kina vibanda vya nguo, kuta zilizochorwa picha kubwa za rangi, na baa. Watu wanakuja kutoka kila pembe ya dunia, wamependeza, wanapiga picha, wanakula. Sikuwachukia. Nilikuwa mmoja wao. Nilinunua manukato yasiyo na pombe kwa mzee ambaye chupa zake zilipangwa kama za maduka yetu ya Darajani, na nikanunua udi, kwa sababu udi tunaofukizia harusi zetu unatoka katika misitu ya huku, na nilitaka angalau mara moja niununue karibu na mti wake. Mkabala wa msikiti upo mkahawa uliokuwepo tangu 1908, Zam Zam, unaouza murtabak: unga umevutwa mpaka umekuwa kama kanga nyepesi, ndani nyama, mayai na vitunguu, ukakunjwa na kukaangwa. Ndugu zetu wa Mombasa wangekaa wakaagiza bila kuuliza, wakauita mkate wa mayai.

Lakini nataka kusema juu ya saa nane ya usiku, maana hapo ndipo nilipoufahamu mtaa ule. Baa zilifunga. Wageni waliingia kwenye teksi. Mhudumu wa mwisho aliburuta viti ndani, akavuta pazia la chuma. Nikafungua dirisha, nikasubiri kusikia mtaa ukilala. Malindi inapolala ina sauti zake: mzee anakohoa, mtoto anaamka anabembelezwa, ndoo inagonga ukingo wa kisima, redio imesahauliwa, mtu anafungua mlango taratibu asiwaamshe wenziwe na bawaba inamsaliti. Hata usingizi wa jirani unausikia. Pale Bussorah Street, chini ya dirisha langu, sikusikia kitu. Viyoyozi tu. Mchana na jioni mtaa ulikuwa umejaa watu mpaka njia haipitiki, na saa nane ya usiku haukuwa na mtu isipokuwa sisi wa vyumba vya hoteli, ambao kila mmoja ana tarehe yake ya kuondoka.

Adhana ya alfajiri pia haikuniamsha. Msikiti ulikuwa hatua mia na hamsini kutoka kitandani kwangu. Katika Singapore vipaza sauti vya misikiti vimeelekezwa ndani, na adhana hutangazwa redioni, kwa sababu watu wa dini nyingi wanakaa karibu karibu na waliamua kuvumiliana hivyo. Nimeishi miaka sitini ndani ya adhana za misikiti inayopokezana sauti, na sikujua kuwa nilikuwa nikiamshwa na kitu kinachoweza kukosekana. Nilijiwekea kengele ya simu, nikashuka zile ngazi za wima gizani, nikaenda.

Msikiti wa Sultan ulijengwa mara ya kwanza mwaka 1824. Huu wa sasa ulikamilika mwaka 1932, na ili ukae sawa na Kibla barabara kubwa ya North Bridge ilibidi ipinde kuuzunguka. Makuba yake ya dhahabu yanaonekana kwenye kila kadi ya posta. Ukisogea, chini ya kuba utaona ukanda mweusi unaometa, ukadhani ni vigae. Ni vitako vya chupa. Wakati wa ujenzi matajiri walitoa fedha, na maskini wasiokuwa na fedha walileta chupa tupu, na mafundi wakazipanga chupa hizo chini ya dhahabu pande zote, ili asiwepo mtu wa kusema katika msikiti huu hana chake. Dada alinionyesha kwa kidole, siku ya Ijumaa, akasema bibi yake alileta mbili. Zipi, hajui. Hilo halikumsumbua hata kidogo.

Nilizitazama chupa zile nikamfikiria mama. Nyumba yetu ya Malindi ilikuwa na ukumbi wa chini ambao haukuwa wa mtu. Kaskazi ilipoingia, majahazi yakashuka kutoka Arabuni na Ghuba, ukumbi ulijaa mabaharia: wamelala kwenye mikeka, wanangojea kusi iwarudishe kwao. Bibi hakuwatoza. Waliacha walichokuwa nacho, tende, papa mkavu, mara moja sanduku zima la mbao lenye misumari ya shaba ambalo liko mpaka leo. Mama alikuwa mtoto, na alikua akijua salamu za bandari ambazo hakuwahi kuziona. Ukumbi ule ndio chumba ambacho mnunuzi wetu, kaka alinieleza, anataka kuweka mapokezi.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na tangu hapo nyumba baada ya nyumba imekuwa hoteli. Sisemi kuwa ni dhambi. Nyumba ya chokaa na mawe ya matumbawe isiyotiwa chokaa inakufa, na mwenye nyumba asiye na fedha anaitazama ikifa. Dada yangu wa Muscat aliniambia waziwazi, katika ujumbe wa sauti wa pili: "Mdogo wangu, mimi sina mtoto atakayerudi kulala humo. Niikatae fedha kwa ajili ya nani?" Ni swali la haki, na nililibeba siku nzima.

Jioni ya nne mwanangu alikuja na mfuko. Ndani mlikuwa na shokishoki, nyekundu, zina nywele kama za shamba letu la Kizimbani, na akanong'ona kuwa ana doriani pia, lakini ameiacha kwa muuzaji. Ilibidi. Mlangoni pa hoteli palikuwa na kibao chenye picha ya doriani iliyopigwa mstari mwekundu, na kwenye treni vivyo hivyo. Kwa hiyo tukatembea mpaka Geylang, tukakaa kwenye viti vya plastiki kando ya barabara, mwenye kibanda akaipasua kwa kisu, tukala kwa mikono, mimi na mwanangu, katikati ya Wachina na Wamalay na vijana wa ujenzi kutoka Bangladesh. Harufu yake ilinirudisha kwenye msimu wa doriani wa kwetu, mama akiwafukuza watoto wasiipeleke ghorofani. Nikamwuliza mwanangu, "Ukiacha bahari, utakaa wapi?" Alilamba kidole, akafikiri. "Nyumbani, mama. Kwani wapi?" Hakusema Unguja. Alisema nyumbani, na kwa namna alivyolitamka lilikuwa na mlango, ngazi na kisima.

Ujumbe wa kaka ulikuja usiku huo, saa mbili za kwao, saa saba za kwangu. Mnunuzi anataka jibu ifikapo Jumatatu. Nilikaa kitandani, taa ya mtaani ikipiga kwenye boriti, nikaandika na kufuta mara nyingi. Mwisho niliandika hivi: Kaka, siuzi. Ghorofa mbili za juu tuzipangishe wageni, na fedha yake itengeneze dari na mabomba, na dada apate fungu lake kila mwezi. Chini pasiguswe. Akae binti yako na wanawe, badala ya kulipa kodi Mwanakwerekwe. Ukumbi ubaki ukumbi.

Siku nzima hakujibu. Nami nilikuwa nimekwisha kufika uwanja wa ndege wa Singapore kurudi, simu ilipolia. "Dari inavuja kuliko unavyodhani, mdogo wangu," aliandika. Kisha: "Haya."

Asubuhi niliyoondoka, Dada alinibebea mkoba mpaka chini, ingawa si kazi yake. Saa moja ilikuwa imefika na jua linachomoza. Wasichana wa madrasa ya Alsagoff walikuwa wakipita na mikoba mgongoni, wameshuka kwenye mabasi na treni kutoka mitaa ya mbali. Nimefundisha miaka thelathini na mbili, najua mwendo wa mtoto aliyechelewa. Dada aliwatazama mpaka wa mwisho akapita. "Selamat jalan," aliniambia. "Salama," nikamjibu, na hapakuwa na haja ya kufasiri.

Fundi alianza dari Mfunguo Tatu. Ghorofa mbili za juu zitakuwa na vyumba vitano vya kupangisha, si kumi na viwili, na fungu la kila mtu litakuwa dogo kuliko lile ambalo tungepata kwa kuuza. Binti wa kaka amehamia na watoto wanne, kamba ya nguo imefungwa uani, na ukumbini liko lile sanduku la misumari ya shaba na pembeni yake godoro lisilokodishwa. Ukipita Malindi ukaukuta mlango wazi, piga hodi.